Niliyomwambia Mama Ukumbini

Jambo hili sijamsimulia mtu hapa mjini, kwa sababu sina wa kumsimulia. Acha niwaambie nyinyi.

Mimi ndiye ninayechagua filamu katika ukumbi wa zamani wa sinema uliokarabatiwa hapa Biharamulo. Jumamosi iliyopita nilichagua filamu ya taratibu, yenye maneno machache, nikijiona mjuzi kweli. Walikuja watu saba.

Nilishika kipaza sauti nikawaeleza uzuri wake, nikaongea kuliko filamu yenyewe, kisha nikarudi nacho chumba cha mitambo. Nilidhani nimekizima. Filamu ilipofika katikati, mama akanipigia simu kutoka Rulenge.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Watu wamekuja leo?"

"Wamejaa, mama. Wengine wamekosa viti."

"Na ukitoka hapo unakula na nani?"

"Nakula na marafiki. Wananisubiri hapo nje, wengi tu. Usiwe na wasiwasi, mama."

Nilipokata simu nikasikia pumzi zangu mwenyewe zikivuma ukumbini, nzito kama za ng'ombe aliyepandishwa mlima. Nikachungulia kwenye kidirisha. Wote saba walikuwa wameipa filamu kisogo, wananitazama mimi. Hakuna aliyecheka, afadhali wangecheka.

Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, akasimama. "Mwanangu," akasema polepole, "tulipoingia hapakuwa na mtu nje. Hapa mjini unakaa na nani?"

Kipaza sauti kilikuwa bado kinafanya kazi, nami sikuwa na uongo mwingine.

"Peke yangu," nikasema, na ukumbi mzima ukasikia.