Ambokile Wawili wa Ubaruku

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Iringa, sikupewa kalamu. Karani Mkuu wa Kumbukumbu alinipa kitambaa akaniambia nifute vumbi kwenye droo zote za kadi. "Ukimaliza utakuwa umeshajua zimepangwaje," alisema, akarudi kwenye chai yake. Nilikuwa nimetoka shule ya misheni huko kwetu Ubena, na mwandiko wangu ulisifiwa hadi kanisani, kwa hiyo nilidhani nimeajiriwa kuandika. Nilifuta vumbi siku mbili nzima. Nilimchukia mzee yule mpaka siku ya tatu, aliponiuliza kadi za wafanyakazi wa ghala ziko wapi, nikajikuta naifungua droo yenyewe bila kufikiri.

Shirika letu lilikuwa la umma. Lilikuwa na mashamba ya chai upande wa Mufindi, kinu cha mpunga Ubaruku na maghala Mbeya, na liliwatibu wafanyakazi wake na familia zao. Ninyi mnaita bima ya afya, sisi tuliita Mfuko wa Matibabu. Kila mfanyakazi alikuwa na kadi mbili zinazofanana. Moja alikwenda nayo hospitali, nyingine ilikaa kwetu kwenye droo, nayo tuliiita kadi mama. Humo kulikuwa na jina lake, namba yake ya kazi, mwaka wake wa kuzaliwa na wategemezi wake, yaani mke au mume na watoto wanaotibiwa kwa namba hiyo. Mwisho wa mwezi hospitali zilituletea fomu za madai, kila fomu ikisema nani katibiwa na kwa ugonjwa gani. Kazi yetu ilikuwa kulinganisha fomu na kadi mama, mstari kwa mstari, na kisipolingana kitu fomu inarudi ilikotoka.

Ukisikia hivyo utadhani ni kazi ya mtoto. Ngoja ukae kwenye kiti. Mtu ameajiriwa kwa jina la nyumbani, mwaka unaofuata anabatizwa, anaandikishwa upya, na sasa ana kadi mbili. Hizo tuliziita kadi pacha, na kuzikamata ilikuwa kama kutafuta chawa kwenye blanketi. Baba mmoja aliandikisha watoto watatu waliozaliwa mwezi mmoja na mama mmoja, na hawakuwa mapacha. Mwingine alimwandikisha mama mkwe wake kuwa ni mtoto wa miaka minne, ili bibi wa watu apate kung'olewa jino. Tulicheka sana ofisini, ila fomu ile tuliirudisha.

Baada ya Iringa nilipelekwa Nyololo, kuhakiki kadi za wachuma chai. Asubuhi na ukungu wake nilisimama pembeni ya mnyapara wakati wa kuita majina, nikiwa na daftari na miguu iliyokufa ganzi kwa baridi. Nilimuuliza mzee mmoja mwaka wake wa kuzaliwa. "Andika ule ule wa huyu jirani yangu," alinijibu, "tulichunga pamoja." Nikamuuliza jirani. "Mimi naye aliniandika karani aliyekutangulia. Muulize yeye." Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi. Nilikaa Nyololo miaka miwili, na niliipenda kazi ile kwa sababu kila jina nililiona lina uso.

Kisha nikapandishwa cheo, nikawa Karani wa Uhakiki, Mbeya. Reli ya kwenda Zambia ilikuwa bado inajengwa na mji ulikuwa umejaa wageni. Ofisi yetu ilikuwa na sakafu ya saruji iliyopigwa rangi nyekundu, na kaunta ndefu ya mbao ambayo watu waliegemea kungoja huduma. Nami nilikaa nyuma yake. Hapo ndipo nilipoacha kuwaona watu, nikabaki na karatasi zao.

Meneja Utumishi wa pale alikuwa mtu mkali, msafi, mwenye kupenda mistari iliyonyooka. Makao makuu yalikuwa yamemwandikia kwamba rejista zetu zimejaa marehemu wanaoendelea kutibiwa. Aliniita ofisini kwake. "Binti, mkaguzi anakuja," alisema. "Nataka nikifungua droo yoyote nisikute mfu hata mmoja kati ya walio hai. Unaweza?"

"Naweza, mzee."

"Usimwonee mtu haya."

Nilifanya kazi ile kwa ari ambayo hadi leo inanitia uchungu kuikumbuka. Kila taarifa ya kifo iliyotoka vituoni niliitafutia kadi yake, nikapiga muhuri mwekundu wa AMEFARIKI, nikaihamishia droo ya chini. Moja ilitoka Ubaruku. Ilimhusu Ambokile, fundi mitambo wa kinu cha mpunga, aliyekufa kwa homa, na mtegemezi wake alikuwa mke mmoja aitwaye Tupokigwe. Nikapiga muhuri, nikaendelea na nyingine.

Miezi miwili baadaye, fomu ya madai ikaja kutoka hospitali ya misheni tuliyokuwa na mkataba nayo. Namba ni ya Ambokile. Mgonjwa ni Tupokigwe, mke wa Ambokile, na amepewa chupa ya dawa ya sindano ya kisukari. Nikatazama orodha ya wafanyakazi ya mwezi ule iliyoletwa na msimamizi wa kinu. Ambokile yumo, kapiga kazi siku zote. Moyo uliniruka kwa furaha, jamani, siwafichi. Nilijua nimemnasa mwizi. Niliandika barua kwa hospitali siku hiyo hiyo: kadi namba fulani imefutwa, mwenye kadi ni marehemu, asihudumiwe mtu yeyote kwa kadi hiyo. Meneja Utumishi aliisoma, akaweka sahihi, akasema, "Hivi ndivyo kazi inavyofanywa."

Lazima niwaeleze kuhusu dawa ile. Mwenye kisukari cha aina aliyokuwa nayo Tupokigwe alichomwa sindano kila siku, maisha yake yote, na akiikosa hamalizi wiki nyingi. Haikuuzwa dukani. Hospitali iliiagiza kwa kuhesabu kadi zilizo hai, chupa kwa kadi. Kadi ikifutwa, chupa yake haiagizwi tena. Hayo yote niliyajua, kwa kuwa mimi ndiye niliyewapelekea hesabu ya kadi.

Baada ya siku chache akaja mwanamume kaunta. Alikuwa kijana bado, na kwenye kope zake kulikuwa na vumbi la pumba. Alivua kofia, akanisalimia Kinyakyusa.

"Ugonile, dada. Nimetoka Ubaruku. Mke wangu kanyimwa dawa."

"Jina lako?"

"Ambokile."

Nikaenda droo ya chini, nikarudi na kadi, nikamgeuzia muhuri. "Ambokile amekufa. Taarifa ya kifo hii hapa."

"Ndiyo, dada. Tulimzika sisi wenyewe."

"Sasa wewe ni nani?"

"Ni mimi. Ndiye mimi Ambokile."

Karani mwenzangu alicheka. Nami nikacheka. Yule kijana hakukasirika, alitungojea tumalize. Akaniambia kwamba alizaliwa Asajile, mdogo wa marehemu, na alikuwa kibarua pale pale kinuni, wala hakuwa na kadi. Matanga yalipokwisha, wazee walimkalisha kwenye nyumba ya kaka yake, wakampa jina, jembe, ng'ombe na mjane. Tangu siku ile hakuna aliyemwita Asajile tena, hata mama yake mzazi. Msimamizi wa kinu, naye Mnyakyusa, alimpa nafasi ya kaka yake na akamwandika Ambokile kwa namba ile ile, kwa sababu kwake Ambokile alikuwepo kazini. Hakuna aliyedanganya. Kila mtu aliandika anachokijua, ila mimi Mbena wa watu sikukijua.

"Kalete barua ya mwenyekiti wa kijiji," nilimwambia. "Na ya msimamizi wa kinu. Tutafungua kadi mpya kwa jina lako la kuzaliwa."

"Dada, chupa aliyonayo ina siku nne. Tunaiweka kwenye chungu cha maji isiharibike."

"Ndugu, mimi sina mamlaka. Kalete barua."

Aliinama akachukua kofia yake. "Ndaga, dada," alisema. Alinishukuru. Nimekaa na shukrani ile miaka yote hii na sijapata pa kuiweka.

Mamlaka nilikuwa nayo. Ilikuwa ni kutoa kadi droo ya chini, kuandika neno "mrithi" pembeni na kupiga simu misheni. Pale Nyololo ningefanya hivyo bila kumuuliza mtu. Lakini mkaguzi alikuwa anakuja, na kadi yenye muhuri uliofutwa ingeonekana chafu.

Zilikuwa siku za mvua na bonde la Usangu, iliko Ubaruku, lilikuwa limejaa maji. Mwenyekiti alikuwa amekwenda mkutanoni wilayani. Barua zilinifikia baada ya wiki tatu, zote mbili, zenye mihuri na saini, hazina kasoro. Nilifungua kadi mpya siku hiyo hiyo. Nilipokuwa naandika jina la mtegemezi, tarishi akaniletea bahasha ya vituoni. Ilikuwa taarifa ya kifo kutoka Ubaruku. Tupokigwe, mke wa Ambokile, kisukari.

Mkaguzi alikuja, akakaa siku mbili, akavuta droo anazotaka. Hakukuta kosa. Alimwambia Meneja Utumishi kwamba hajapata kuona rejista safi kama ile katika kanda nzima, na Meneja akanisimamisha mbele ya wenzangu wakanipigia makofi. Nilikwenda chooni nikalia hadi karani mwenzangu akaja kunigongea.

Niliomba ruhusa nikaipeleka ile kadi ya kwendea hospitali Ubaruku mwenyewe. Nilimkuta Ambokile nje ya kinu, anashona magunia. Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima. Nikampa kadi. Aliisoma taratibu, akapitisha kidole kwenye jina la mkewe, ambalo nilichora mstari juu yake kwa rula.

"Una mwandiko mzuri, dada," alisema.

Nikamwambia ni mimi niliyeandika barua ile kwa hospitali. Alisema anajua. Aliniuliza kama nimekula, nikasema sijala, akamwita mama yake aniletee ugali. Yule mama aliniletea na maji ya kunawa, akapiga goti kunipa. Nilikula.

Tangu hapo nilibadilisha fomu ya taarifa ya kifo. Niliongeza mstari mmoja chini: nani amekaa kwenye nyumba ya marehemu, na anaitwaje sasa. Meneja Utumishi aliukataa mara mbili, mara ya tatu akachoka nami. Mstari ule ulitumika hadi shirika lilipovunjwa, na makarani vijana waliokuja hawakujua umetoka wapi.

Nilistaafu nikiwa Karani Mkuu. Wiki ya mwisho nilimkabidhi droo binti aliyeshika nafasi yangu, msichana makini, mwenye macho makali. Kwenye droo ya walio hai alikuta kadi mama ya zamani, yenye wategemezi, kumbe mmoja amechorwa mstari bila kuandikiwa tarehe wala sababu. Kwa miaka yote ile sikuwahi kuijaza.

"Mama, huyu Tupokigwe hana taarifa kamili," aliniambia. "Alikufa lini?"

Nikamtajia siku, mwezi na mwaka. Hakuuliza nimejuaje bila kutazama popote. Aliandika.

"Na sababu ya kifo?"

Nilitazama kalamu yake ikingoja juu ya kadi, nikaikumbuka ile barua yangu kwa hospitali. "Andika kisukari," nilisema. Akaandika kisukari, akaikausha kwa karatasi, akairudisha kwenye droo. Lilikuwa kosa la mwisho kuingia kwenye rejista ile mikononi mwangu, na sikulisahihisha.