Mizinga Mitupu ya Felisiani

Miaka ishirini na miwili Felisiani alikuwa mlinzi wa msitu wa serikali upande wa Kibondo, na katika miaka yote hiyo hakuna kilichomchosha kama maneno "bwana miti, tuonee huruma." Aliyasikia barabarani, kilabuni, hata mlangoni mwa kanisa. Huruma alikuwa nayo tele. Miti ndiyo aliyokuwa hana.

Mambo yaliharibika mwaka 1974, watu walipohamishiwa vijijini. Kaya mia tatu zilipangwa kwa mistari kandokando ya msitu wake, na kila kaya ilikuwa na mafiga yanayotaka kuni asubuhi na jioni. Yakaja na mabani ya kukaushia tumbaku, yakala magogo usiku na mchana bila kushiba. Bwana mmoja wa wilayani alimwamuru alinde msitu. Mwingine, wiki hiyohiyo, alimwonya asikwamishe tumbaku ya kijiji. Felisiani aliwaitikia wote wawili "ndiyo, mzee," akaenda kulala na viatu miguuni.

Kufikia mwaka 1977 kilibaki kipande kimoja cha maana: miyombo ya mlimani juu ya chemchemi, ambako kijiji kizima kiliteka maji. Kingekwenda hicho, na maji yangekwenda. Kufukuza watu hakukusaidia tena, maana yeye alikuwa mmoja na mashoka yalikuwa mia tatu. Ndipo akakumbuka mwiko wa Waha: mti uliotundikwa mzinga haukatwi, hata uwe wa adui yako. Kiangazi chote alichonga mizinga kwa magogo yaliyoanguka yenyewe, akaitundika arobaini. Nyuki waje wasije, hilo hakulijali.

Mashoka yakanyamaza. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka, Felisiani alikaa kitako mchana akavuta kiko chake.

Hakujiuliza kuni za nyumbani kwake zilitoka wapi. Mkewe, Esteri, aliondoka alfajiri kuelekea upande wa Mabamba, akarudi jua limepinda, mzigo kichwani na mkono kiunoni. Hakuwa mtu wa kulalamika. Na mwanamume akishawekewa chakula mbele yake, hana habari kimesafiri kutoka wapi.

Siku moja alikuta kisiki kibichi juu ya chemchemi. Mzinga haukuvunjwa, ulikuwa umelazwa juu ya mawe mawili, mlango ukitazama mawio, kama afanyavyo mtu aliyelelewa na mrina asali. Hasira zilimpanda. Akafuata vipande vya magome njiani, akateremka navyo hadi kijijini, akaishia kwenye jiko lake mwenyewe.

"Mama Nestori," alisema, "ni wewe?"

"Ni mimi, Baba Nestori." Hakuinua uso kutoka kwenye chungu. "Niligonga mzinga kwanza. Baba alinifundisha: unagonga, unatega sikio. Ndani hamkuwa na nyuki. Mwiko ni wa nyuki, si wa gogo. Na mgongo wangu umekwisha."

"Nani mwingine anajua?"

"Tulikuwa wanne."

Alitaka kufoka. Alimwona mkewe akijinyanyua kwa kushika nguzo, akaona aibu, aibu ya kweli. Sheria ilimtaka ampeleke ofisini. Alivua kofia ya serikali, akaitundika kwenye msumari.

Asubuhi iliyofuata mlio ulimfikia kabla hajafika chemchemi: ko, ko, ko. Wanawake walikuwa wakipita mti hadi mti, wakigonga mizinga kwa vijiti virefu na kutega sikio. "Mwakeye, bwana miti," walimwamkia. Hakuna aliyemwomba huruma. Naye akaokota kijiti, akaanza na mti uliokuwa karibu kabisa na maji, akagonga, akamwomba Mungu jinsi ambavyo hakuwahi kumwomba tangu Nestori azaliwe.

Mizinga saba ilivuma. Mitano ilikuwa palepale juu ya maji. Miti thelathini na miwili iliyobaki aliigonga muhuri wa serikali kwa nyundo yake mwenyewe, mmoja mmoja, ili angalau ikatwe kwa ruhusa. Mkono ulimuuma hadi begani.

Jioni alikula ugali wa muhogo na maharage yaliyopikwa kwa kuni za mti ule wa kwanza. Yalikuwa yameiva vizuri. Aliyamaliza yote, kisha akamwambia Esteri kesho asiende mbali.