Vitufe Vyekundu Vyote Juu

Enzi zetu, Karatu haikuwa na lami. Sisi tuliokulia pale tunajua: kiangazi vumbi jekundu liliingia mpaka kwenye makande, na masika tope lilikuvua kiatu, kama ulikuwa na bahati ya kuwa nacho. Julai ukungu ulishuka kutoka msitu wa Ngorongoro, nasi tukaenda shule tumejifunga mashuka ya kulalia mabegani, kila mtoto na ukuni wake kwapani kwa ajili ya jiko la uji. Simu hatukuwa nazo. Tulikuwa na mawe, na kwa mawe tulicheza mdako: unachimba kishimo, unarusha jiwe moja juu, na kabla halijarudi mkononi umekwishakomba mengine. Vidole vyetu vilikuwa vyepesi. Vijana wa leo wanaandika kwa dole gumba moja, mkono wa pili umeshika chipsi, na bado wanakosea jina la mama zao.

Nayasema haya nikiwa na haki ya kuyasema. Nilitoka hapa na mfuko wa rambo, nikarudi na diploma ya elektroniki. Hakuna mjomba aliyenishika mkono, hakuna mbunge aliyeniandikia barua. Leo nyumba yangu ina bati la msauzi, na hoteli ikizimikiwa na mitambo yake pale ukingoni mwa kreta, simu ya kwanza inayoita ni yangu.

Hiyo ni kazi. Burudani yangu ni nyingine: nakusanya kibodi za kazi maalumu ambazo wenyewe wamezitupa. Za benki, za kukatia tiketi za ndege, za mapokezi ya hoteli. Zina vitufe vya ajabu ajabu, na plagi ambazo kompyuta ya leo haizitambui. Nazifungua, natoa ubongo wa zamani, naweka kipande kipya chenye ukubwa wa kiberiti, nakiandikia programu, na kila kitufe kinafanya nitakalo mimi. Ile ya benki nimempa mwalimu wa kwaya. Akibonyeza mara moja, maneno ya wimbo yanatokea ukutani kanisa zima likasoma. Kijana mmoja wa bodaboda alinikuta nazisafisha kwa mswaki, akaniambia, "Broo, hii si skrepa?" Nikamjibu, "Skrepa ni hiyo helmeti yako unayoivalisha kioo cha pikipiki badala ya kichwa." Wenzake walimcheka wiki nzima.

Watu hudhani nazipenda tu. Sasa nitaeleza ilivyoanza.

Nilikuwa na miaka tisa. Mama alikuwa mfagiaji wa mapokezi katika hoteli moja ya watalii pembeni ya mji. Hoteli ikaleta kompyuta, na meneja akasema nafasi moja ya kukaa mezani itatolewa kwa mfanyakazi yeyote atakayefaulu jaribio baada ya wiki mbili. Mama alisoma mpaka la saba, na Kiingereza alikiokota akiwa ameinama na ufagio. Akajiandikisha. Ijumaa akapewa kibodi mbovu ya kufanyia mazoezi nyumbani, nzito kama tofali, na karatasi isiyo na mchoro, inayoeleza kazi ya kila kitufe. Juu ya kibodi kulikuwa na safu tatu za vitufe vya rangi vilivyoandikwa maneno ya Kiingereza: cha kumpokea mgeni, cha kumbadilishia chumba, cha bili ya chakula, na kadhalika. Akaiweka juu ya kabati, akaifunika kitambaa cha kufuma.

"Paskali," aliniambia, "ukikigusa hiki, nitakuchapa mpaka majirani waje kuamulia."

Jumamosi alikwenda mnadani. Nikamwita Naserian, msichana wa Kimaasai kutoka Enguserosambu aliyekaa kwa shangazi yake, jirani yetu, ili asome. Tulikuwa tunataka tu kuona. Kisha Naserian akagundua kwamba kofia za vitufe zinabanduka ukizichokonoa kwa mpini wa kijiko, na kwamba ukizirusha haziumizi vidole kama mawe. Tulicheza mdako na zile za rangi mpaka jua likageuka.

Wakati wa kuzirudisha, hakuna aliyekumbuka ipi ilikaa wapi. Mimi nikaanza kulia. Naserian hakulia. Alikuwa ametunga shanga na mama yake tangu hajui kuhesabu.

"Acha kulia, Mmbulu wewe. Rangi hazitupwi tupwi. Nyekundu zote juu, nyeupe zifuate, bluu chini. Ukichanganya hivyo wanawake wanakucheka."

Tukazipanga hivyo. Na ninawaambieni, zilipendeza. Mwanzo zilikuwa zimechanganyika kama dengu zilizomwagika. Sasa zilikuwa safi kama mkufu wa bibi harusi. Nilifunika kitambaa nikiwa naona fahari. Mama alikuwa hajaitazama hata mara mbili. Hakugundua kitu.

Jumatatu akaanza mazoezi. Kila jioni, kabla ya kubandika chungu, aliketi kwenye kigoda, akaweka kibodi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akatandaza kanga juu ya mikono yake. Meneja alikuwa amewaambia kwamba mgeni hutazamwa usoni na mikono itafute yenyewe, na siku ya jaribio mikono ingefunikwa. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea ile karatasi.

"Mgeni anaingia!" nilitangaza.

Kidole kilikwenda chini ya kanga. Nilifunua pembe, nikachungulia neno lililoandikwa pale.

"Umepata, Mama!"

"Soma kingine. Haraka, wewe, wageni wamejaa mlangoni."

Tulicheka sana. Harufu ya maharage yanayochemka, moshi wa kuni mbichi, na Mama akimtabasamia mgeni asiyekuwepo huku vidole vikikimbia: kama nimewahi kuwa na furaha kamili, ilikuwa wiki mbili hizo. Mwishoni alikuwa hakosei hata kimoja.

Siku ya jaribio aliazima viatu vya kisigino kwa mke wa katekista. Alirudi kabla ya saa sita, amevishika mkononi. Akavisugua soli kwa kitambaa kibichi, polepole, mpaka vikawa safi kuliko alivyovipokea.

"Mashine yao imevikataa vidole vyangu," alisema.

Kisimani walisema wao. "Mama Paskali, karibu tena ufagioni." "Alidhani kufagia mapokezi na kukaa mapokezi ni kitu kimoja." Naye akawa anajibu, mwaka baada ya mwaka, "Mimi nilijua. Mashine yao ndiyo mbovu." Hapo walicheka zaidi. Meneja hakupenda kumwona tena akizunguka pale mbele, akampeleka chumba cha dobi. Huko alikaa na maji ya moto na dawa ya kung'arishia mashuka mpaka alipostaafu, na vidole vile vyepesi vikapinda kama mizizi ya tangawizi.

Mimi niliamini kwamba mashine ilikuwa mbovu. Nilimpigania hata shuleni. Mpaka mwaka wa kwanza chuoni, mkufunzi alipobandua kofia mbili za kibodi, akazibadilishia nafasi, akabonyeza. Ikaandikwa herufi ileile ya mwanzo. "Kofia haina akili," alisema. "Kinachojua ni kilicho chini yake." Darasa likacheka. Mimi nilitoka nje, nikakaa kwenye ngazi. Diploma hiyo ninayojivunia, somo lake la kwanza lilikuwa hilo.

Mwaka jana hoteli ileile ilisafisha stoo yake, na kwenye rundo la kutupa nikaiona ndugu ya ile kibodi. Niliifanyia kazi mwezi mzima. Nikaiacha kama ilivyotoka kiwandani, rangi zimechanganyika. Nikaiwekea programu ya mapokezi kwenye kompyuta yangu, nikaendesha mpaka Buger, anakoishi Mama sasa na shamba lake la mbaazi. Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno ya kumwambia. Kwamba ni mimi. Kwamba ni mimi, Mama, na mpini wa kijiko.

Alifuta mikono kwenye kanga, akaitazama kwa muda.

"Umelipata wapi jini hili?" Kisha akakunja uso. "Lakini umekosea. Nyekundu zote zilikuwa juu. Nyeupe hapa katikati, bluu chini."

"Mama, kiwandani huwa..."

"Kiwandani nini? Si wewe uliyekuwa unanisomea? Diploma yote hiyo, na kitu cha juzi tu umesahau!"

Nikatoa kibisibisi, nikabandua kofia, nikazipanga alivyosema, yeye akinionyesha kila moja mahali pake: nyekundu juu, nyeupe, bluu. Nikafungua programu, nikabadilisha kitufe kimoja baada ya kingine, mpaka mashine ikafuata mpango wa Naserian. Mama akatandaza kanga juu ya mikono yake bila kuambiwa.

"Soma."

"Mgeni anaingia," nikasema.

Kidole kilichopinda kilikwenda chini ya kanga, taratibu, kikatua. Kwenye kioo cha kompyuta mgeni akaingia. Nikasoma cha pili, cha tatu, mpaka vyote. Alikuwa ananitazama usoni, anatabasamu lile tabasamu la mapokezi. Hakukosea hata kimoja.

"Umeona?" alisema. "Niliwaambia. Mashine yao ndiyo ilikuwa mbovu." Akashusha pumzi. "Ungelileta mapema, mke wa katekista akiwa hai." Kisha akaniuliza, "Ulikuwa na neno? Umekuja katikati ya wiki."

"Hapana, Mama. Nilikuja kukusalimia."

Kibodi iko juu ya kabati lake, chini ya kitambaa cha kufuma. Kila jirani akija anaonyeshwa, nami nasifiwa kwa kazi nzuri.

Enzi zetu kosa lilikuwa na mwisho. Ulivunja chungu asubuhi, jioni ukachapwa, majirani wakaja kuamulia, ukala ugali wako ukiwa bado unafuta machozi, na kesho yake hakuna aliyekumbuka. Siku hizi watoto hawachapwi, na watu wanasema ni maendeleo. Labda. Mimi nina nyumba, nina gari, nina jina katika mji huu, na fimbo niliyoahidiwa Ijumaa ile bado inanidai, na aliyeniahidi ananiita fundi.