Darubini Tatu Nilizozikataa

Shemeji yangu Nassor, kaka wa mke wangu, alikuja Jeddah kutoka Riyadh kununua darubini ya bunduki yake ya upepo, kwani kesho yake alikuwa na mashindano. Katika mashindano hayo mlengaji huzungusha gurudumu la darubini mpaka shabaha ionekane wazi, kisha husoma umbali kwenye namba. Mimi nikajitia mjuzi wa kumchagulia.

Dukani, mtaa wa Baghdadiyah, nilizungusha ya kwanza, nikaona ukungu mtupu. Ya pili na ya tatu vilevile.

"Halas, basi, zote mbovu!" nikamfokea muuzaji mpaka wateja wakageuka. "Mnauzia watu takataka!"

Muuzaji akanuna. Nassor akazichungulia, akasema zinaonyesha vizuri. Nikambishia. Akanikodolea macho usoni.

"Shemeji," akasema, "mbona umevaa miwani ya dada?"