Ukuta wa Roda Wangojea Mvua ya Saa Tisa

Saa moja asubuhi, kabla wenye maduka hawajafungua milango, Roda Navalayo amepiga magoti mbele ya duka la vitambaa kwenye barabara iendayo Mumias, mjini Kakamega. Mkononi ana kitambaa kibichi. Anapangusa matone ya matope chini ya ukuta, anarudi nyuma hatua mbili, anakunja uso, kisha anarudi kupangusa pale pale ambapo mtu mwingine haoni kitu.

"Usikanyage hapo!" anamwambia mwandishi wa habari hizi, ambaye tayari amekanyaga.

Sakafu ya veranda ilisiribwa jana jioni na bado mbichi. Alama ya kiatu imebaki, kubwa na ya aibu. Roda anachovya vidole kwenye ndoo, anapitisha kiganja mara moja, na alama inatoweka kana kwamba mgeni hajafika.

"Nyinyi watu wa gazeti mnaandikanga na miguu?" anauliza, na anacheka peke yake.

Ana haki ya kucheka sasa, maana mchana huenda asicheke. Leo ukuta huu unakaguliwa. Ukipita, jina la Roda litaandikwa katika daftari la mafundi la halmashauri ya mji, na atakuwa mwanamke wa kwanza humo. Ukikataliwa, atarudi kusiriba nyumba za majirani kwa malipo ya kuku, na mwenye duka aliyemwamini atapata hasara.

Msomaji wa mbali anahitaji kuelezwa. Mwezi wa nane mwaka huu wa 1964, halmashauri ilitangaza kwamba mji unataka kupendeza kabla ya tarehe kumi na mbili Desemba, siku nchi yetu itakapokuwa Jamhuri. Mwenye duka atakayetengeneza uso wa duka lake, yaani ukuta wa mbele, veranda na kibao, atauziwa chokaa na rangi kwa nusu ya bei na kusamehewa nusu ya leseni ya mwaka ujao. Sharti ni moja: kazi ifanywe na fundi aliyeandikwa daftarini.

Daftari lilikuwa na majina kumi na manne. Maseremala, waashi, wapaka rangi. Wanaume watupu.

Roda, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, alitembea kutoka kwake Lurambi hadi ofisini mara tatu. Mara ya tatu karani mmoja alimwambia kwamba kusiriba ni kazi ya nyumbani, kama kuosha sufuria, na sufuria haziandikwi daftarini.

"Nilikasirika mpaka nikasahau mwavuli yangu hapo," anasema. "Na sikurudi kuichukua. Ningerudi, ningesema maneno mbaya."

Wakati huo mji mzima ulikuwa umeshikwa na homa ya kujirembesha. Maduka mengi ya Waafrika hapa yana kuta za udongo, na nyingi zilikuwa zimesiribwa kwa udongo na samadi na akina mama wenyewe, kama nyumba za kwetu zote. Wenye maduka waliona haya. Samadi mbele ya duka, mbele ya wageni wa Jamhuri! Wakawaita wapaka rangi, wakabandua kazi ya mama zao, wakapiga rangi ya mafuta juu ya udongo mtupu.

Kwa wiki mbili barabara iling'aa. Halafu ikaja mvua ya mawe, ile ambayo Kakamega huipata bila kuiomba, na kuta zikabanduka kama maganda ya kiazi kilichochemshwa. Maduka saba yalikataliwa kwa siku moja.

"Langu lilikuwa la kijani kibichi, maridadi kabisa," anasema Barnaba, mtengenezaji wa baiskeli wa jirani. "Nilitoka kunywa chai, nikarudi, ukuta umelala kwa barabara. Wateja wanaukanyaga."

Ni baada ya mvua hiyo ndipo Bi Zeituni, mwenye duka hili la vitambaa, mzaliwa wa Mumias na mama wa Ayub, alipomkumbuka mwanamke wa Lurambi aliyewahi kumsiribia jiko. Jiko hilo lina miaka sita na halijapasuka.

"Nilimwambia, Mama Khisa, mimi nakuachia duka langu," anasema Bi Zeituni, akimwita Roda kwa jina la mwanawe. "Nikaenda mwenyewe kwa mkaguzi, Bwana Cornelius. Akasema sawa, huyu mama ajaribu. Ukuta ukae wiki tatu za mvua. Ukisimama, jina lake linaandikwa na mimi napata haki yangu. Ukianguka, nahesabiwa kama mtu ambaye hakutengeneza kitu. Nikasema, Inshallah."

Mwandishi alimuuliza kama hakuogopa. Alijibu kwamba aliogopa sana, na kwamba hata sasa anaogopa.

Kazi ya Roda ina mikono mitatu, yaani matabaka matatu. Wa kwanza ni udongo wa kichuguu uliokandwa na samadi mbichi ya ng'ombe, ukaachwa ukauke polepole kivulini. Wa pili ni mchanga laini wa mtoni na majivu. Wa tatu ni chokaa ya halmashauri, na hapo ndipo majirani walipoanza kushika mbavu, kwa sababu Roda haikorogi chokaa kwa maji. Huikoroga kwa murere.

Ndiyo, mboga ile ile. Mrenda unaoteleza, unaoliwa na ugali. Roda huuchemsha sufuria nzima, huuchuja, na yale maji yanayovutika kama ute huyamimina ndani ya chokaa. Anasema yanaishika chokaa isiachane na ukuta.

"Tulimwambia unalisha ukuta mboga, nyama utaleta lini?" anasema Barnaba.

Vicheko viliongezeka alipokosea. Nyumbani kwetu hakuna anayepika murere bila munyu, ile chumvi ya majivu inayoulainisha. Roda ameupika hivyo tangu utotoni. Alipochemsha murere wa ukuta, mkono wake ukatia munyu wenyewe, kama ungefanya kwa chakula cha jioni. Asubuhi yake Bi Zeituni alikuta duka lake limekuwa na rangi ya meno ya mvuta tumbaku.

"Nilikaa chini kwa veranda, nikalia," anasema Roda bila kuficha. "Nikasema karani alikuwa na haki. Mimi ni mtu wa sufuria."

Alirudi Lurambi akamsimulia mama mkwe wake, Jescah Ayuma, bibi wa miaka zaidi ya sabini ambaye macho yake hayaoni tena. Yeye ndiye aliyemfundisha kusiriba. Bibi akauliza, "Nani arikuambia uupikie ukuta kama wageni?" Wakacheka hadi jirani akaja kuuliza kuna nini.

Kesho yake Roda alibandua manjano yote na kuanza upya, bila munyu.

Kuolewa kwake kulianzia ukutani vilevile. Mwaka aliofika kama bibi harusi, mama mkwe alimpa ukuta wa nyumba yake ausiribe. Alipomaliza, mama mkwe alipitisha kiganja juu hadi chini, akachukua jembe, akaubandua wote. Mara ya pili, vilevile. Mara ya tatu, vilevile.

"Mara ya nne alishika, akashika, akashika. Halafu akasema, 'Nipe maji ya kunawa, nikare ugari.' Hiyo tu! Hakunanga sifa ingine kwake. Nilienda nyuma ya nyumba nikaruka kama ndama."

Tangu siku hiyo, kwa zaidi ya miaka ishirini, amesiriba nyumba nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka. Malipo yalikuwa kuku, debe la mahindi, au shilingi tatu kwa chumba pale bahati ilipokuwa nzuri. Mumewe alifariki mwaka wa 1959, na mwanawe Khisa amesomeshwa kwa kuta hizo. Kwa duka hili Bi Zeituni amemlipa shilingi arobaini. Roda anasema hajawahi kuzishika nyingi hivyo kwa siku moja.

Saa nane mchana mawingu yanajikusanya upande wa msitu. Saa tisa kasorobo, upepo unapeperusha vitambaa vya Bi Zeituni. Saa tisa mvua inafika, na imekuja na mawe.

Mawe yanapiga mabati hata watu hawasikizani. Yanaruka kutoka barabarani na kuupiga ukuta ubavuni. Roda anasimama ndani ya duka, mikono kifuani, hatazami nje. Bi Zeituni anamshika bega. Mwandishi anaandika, lakini ukweli ni kwamba naye anaombea ukuta.

Saa kumi na nusu jioni Bwana Cornelius anafika, suruali imekunjwa hadi magotini, koti jeusi mwilini. Nusu ya barabara imetoka kutazama. Anaugonga ukuta kwa fimbo kutoka kona hadi kona, akisikiliza. Anainama pale chini ambapo matope yamerukia, anamtaka Roda apanguse. Roda anapangusa. Matope yanaondoka, weupe unabaki.

Kisha mkaguzi anafanya jambo ambalo kila mpaka chokaa huliogopa. Anaweka mkono wa koti lake jeusi ukutani, anausugua kwa nguvu, mara moja, mara mbili, mara tatu. Anauinua mkono, anautazama. Anaugeuzia umati.

Mkono wa koti ni mweusi vilevile.

Kelele zilizopigwa hapo hazina mfano katika barabara hii. Bi Zeituni anapiga kigelegele, Barnaba anapiga kengele ya baiskeli ya mteja wake. Roda amesimama tu, na machozi anayafuta kwa mkono wenye matope.

Mkaguzi anafungua daftari juu ya kaunta. Namba kumi na tano. Anaandika jina, anaandika Lurambi, kisha kalamu inasita.

"Kazi gani, mama? Hapa kuna seremala, mwashi, mpaka rangi."

"Andika fundi wa kusiriba, bwana."

"Hakuna hiyo."

"Basi sasa iko," anajibu Roda. Na Bwana Cornelius, kwa heshima zake zote, anaandika.

Kabla jua halijazama wenye maduka wanne wameshampa kazi. Barnaba ndiye wa kwanza, na ameulizwa na kila mtu nyama ataleta lini. Roda anapanga kuwachukua wanawake wawili wa Lurambi, Priscah na Jael, wamsaidie kumaliza kabla ya Jamhuri, na mwakani awapeleke ofisini waandikwe namba kumi na sita na kumi na saba.

Lakini ukimuuliza anachongojea zaidi, anataja Jumapili. Barnaba ameahidi kumleta mama mkwe mjini kwa baiskeli, amkalishe nyuma juu ya mto.

"Bwana Cornelius ameona na koti," anasema Roda, akikunja kitambaa chake. "Mama ataona na kiganja. Kuna pahali hapa chini ya dirisha, nilipitisha mkono na haraka. Bwana Cornelius hakuijua. Mama ataijua."

Akiijua, je?

"Nitabandua hapo, nianze tena. Nimezoea."

Na asipoijua? Roda anatazama ndani ya duka, ambako Bi Zeituni ameteremsha beseni jipya la bati kutoka rafu ya juu, amelipangusa vumbi, na kuliweka mlangoni pamoja na birika.

"Basi Mama Ayub atakuwa na maji ya kunawa tayari."