Mkono Uliomjua Mwenye Mamba

Mimi ndiye niliyempa ule uwezo, na sisemi hivi kwa kujisifu.

Mwindaji huyo alivuka kutoka ng'ambo ya Kongo miaka ya hamsini, nilipokuwa msichana wa kuposwa, akiwa na mkuki na bunduki ya baruti. Mamba alikuwa amekwisha kula wanawake wawili pale Nchelenge, ukingoni mwa ziwa, tulipokuwa tukiloweka mihogo. Mwindaji alimvizia siku tatu ndani ya matete, akamuua. Tulipiga vigelegele mpaka koo zikakauka. Sasa kwetu mamba mla watu hakuwa mnyama tu. Alikuwa na mwenyewe, mchawi aliyemfuga na kumtuma, na huyo mchawi tuliishi naye kijijini bila kumjua.

Nilikuwa na mdomo, na mdomo wangu haukujua kunyamaza. Tukimenya mihogo, niliwasimulia wenzangu habari za shujaa wetu. Nikasema hutembea chini ya maji bila kuvuta pumzi, wakaguna. Nikasema risasi yake hukata kona, wakacheka. Siku moja nikaona hadithi inapoa, nikaongeza kwamba akitia mkono tumboni mwa mamba, mkono unamjua mchawi mwenye mamba. Hapo hakuna aliyecheka.

Habari zikamfikia, akashuka ufukweni kunitazama.

"Njo weye banasema unanisifu?" akauliza. "Endelea, mama. Endelea tu."

Nilimpenda kwa ujinga wote wa umri wangu.

Tangu hapo akawa anapita nyumba kwa nyumba. Hakuomba kitu. Alisimama tu mlangoni akiutazama mkono wake, na watu wakamtolea samaki, kuku, unga. Bibi yangu, aliyenilea tangu mama yangu afe, hakutoa.

"Mamba umeisha kumuua," akamwambia kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Sasa nani njo anatukula?"

Aliondoka. Siku chache baadaye akaburuta mamba mwingine hadi ufukweni, akampasua mchana kweupe mbele ya watu wote. Akatia mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko. Kisha akanyanyua juu uzi wa shanga nyekundu za kiunoni, akapaza sauti kwamba ni za bibi yangu, na kwamba ndiye mwenye mamba.

Zilikuwa zake kweli. Nilizitunga mimi, na zilikuwa zimepotea kwenye ua alipozitundika akienda kuoga. Lakini nilisimama karibu kuliko wengine. Mkono wa kulia ulitoka mtupu, ukichuruzika damu. Shanga zilikuwa katika mkono wa kushoto, kavu kabisa.

Bibi akanitazama, akangoja. Naye mwanamume akanitazama.

"Ambia batu," akasema. "Weye njo ulisema mukono yangu inajua."

Ingetosha niseme kwamba maneno yale niliyatunga mimi mwenyewe, siku ile nikiwa na kisu na muhogo mkononi. Lakini watu walikuwa wameshika magongo, na mimi nilikuwa damu ya bibi. Kama si yeye, ningekuwa mimi.

"Inajua," nikasema.

Walichoma nyumba ya bibi na nyavu zake zote. Wakamsukuma ndani ya mtumbwi wamvushe ng'ambo, asikojua mtu, na mzee yule alikuwa na kipande tu cha nguo ya kazi mwilini. Akanigeukia, akaniomba kwa Kibemba nimletee kitenge chake kilichoanikwa kwenye ua. Kilikuwa hatua kumi kutoka niliposimama. Sikusogea, maana ampaye mchawi nguo naye ni mchawi. Akangoja kidogo, kisha akaketi akatazama maji. Hakunitukana. Mpaka leo nasononeka kwamba hakunitukana. Sikupata habari zake tena.

Jioni yule mwanamume aliniletea samaki, perege mnono amekwisha kukaangwa, kwa mjomba nilikokimbilia baada ya nyumba kuchomwa. Niliapa sitamgusa samaki huyo. Lakini tangu asubuhi nilikuwa sijatia kitu tumboni. Nilimla mzima, mpaka kichwa, nikafyonza na miiba.