Buluu Inayotoka Kijani

Ghita, mpiga picha wa sokoni kwa watia rangi wa Fez, ni mkaidi, na hapendi kamera imchagulie rangi. Jana alipiga picha sufi ya ami yake Allal, mzee wa mapipa ya nili, rangi ya buluu. Allal akaichungulia picha kwenye kompyuta ya Ghita, akanuna.

"Buluu yangu umeigeuza maji ya bamia? Futa. Binamu yako anapiga picha kwa simu, rangi inawaka."

"Simu inajipakia rangi itakavyo, ami. Hii ni picha mbichi, bado haijatengenezwa. Kamera inapima mwanga tu, kupitia vichujio vidogo vyekundu, vya buluu na vya kijani, na vya kijani ndivyo vingi zaidi. Ndiyo maana inaonekana kijani. Rangi naitoa mwenyewe baadaye."

"Visingizio."

Ghita alienda kwenye pipa la nili, akavuta fungu la sufi, likatoka kijani, likichuruzika.

"Na hii, ami, niitupe?"

"Thubutu, nikutose wewe humo. Iache ipigwe na hewa, itakuwa buluu."

Ghita akaitundika, akarudi kwenye kompyuta.

"Basi na yangu iache."

Allal alivuta kigoda, akakaa kungoja, kama anavyowaamuru wateja wake kila siku.